Picha ya kichwa imetoka safi, mbona mwanangu hajapona?

BARUA

Shangazi, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Umoja hapa Nairobi, na riziki yangu naipata kwa kuuza mitumba ya watoto. Ninakuandikia kuhusu mwanangu wa pili, mvulana wa miaka 10 aliye Gredi ya 5, ambaye kwa majuma matatu sasa si yule ninayemjua.

Ijumaa moja wakati wa michezo aligongana kichwa kwa kichwa na mwenzake walipokuwa wakiwania mpira wa juu, akaanguka chali, kisogo kikapiga ardhi ngumu ya uwanja. Mwalimu anasema hakuzimia. Walimmwagia maji usoni, akakaa kidogo chini ya mti, kisha akarudi uwanjani na kumaliza mchezo. Hakuna aliyenipigia simu. Jioni nilipomwona ana nundu nilimkanda kwa barafu, naye akaniuliza kama kesho yake ni siku ya shule. Nikamjibu kwamba kesho ni Jumamosi. Baada ya dakika chache akauliza tena, na tena tulipokuwa tukila. Nilidhani ni uchovu. Nyanya yake alinishauri kwa simu nisimruhusu kulala, basi tukakesha naye hadi saa nane za usiku.

Jumapili alitapika mara moja, akalalamika kichwa na kizunguzungu. Katika kliniki ya jirani tuliambiwa ni malaria pamoja na taifodi, nikapewa dawa. Alipozimaliza bila nafuu nilimpeleka hospitali kubwa zaidi, akapigwa picha ya CT ambayo niliilipia kwa mkopo wa chama. Picha ilitoka safi. Daktari aliniambia, "Mama, mtoto hana kitu," akaniandikia dawa ya maumivu.

Kama hana kitu, Shangazi, mbona ndani ya matatu anaziba masikio kwa viganja muziki unapopigwa, jambo ambalo zamani alilifurahia? Mbona anausoma mstari mmoja mara tatu kisha anafunga kitabu akilia? Nyanya yake alikuja kutoka Murang'a akamweka chumbani siku tano, mapazia yamefungwa, bila kuinuka ila kwa kula na kwenda msalani. Alipotoka na kurudi shuleni alikuwa mnyonge kuliko mwanzo. Mwalimu wa darasa anasema amekuwa mvivu. Baba yake anasema anajidekeza, kwa sababu asubuhi huonekana mzima na jioni wakati wa kazi ya ziada ndipo kichwa huanza kumuuma. Vidonge vya maumivu sasa anavimeza karibu kila siku.

Naomba unisaidie kwa mambo matatu. Je, nikope tena ili apigwe picha ya MRI? Je, nimweke nyumbani au aendelee na shule? Na mwalimu wa michezo anamtaka kwa mashindano ya juma lijalo, naye mwenyewe analilia kucheza, nimruhusu?

Mama wa Umoja

JIBU LA SHANGAZI

Mama, pole sana, wewe na kijana wako. Nianze na lile linalokuuma zaidi: hajidekezi, wala hajawa mvivu. Mambo uliyoyaandika yanalingana kabisa na mtikisiko wa ubongo, na ingawa mimi sijamwona na ni lazima daktari au afisa wa kliniki amchunguze ana kwa ana, ushahidi mzito uko ndani ya barua yako. Mtoto aliyegongwa kichwa, ambaye jioni ileile anauliza swali moja mara tatu kana kwamba hajajibiwa, ameumia ubongo. Kuzimia si sharti, kwa kuwa watoto walio wengi wanaopata jeraha hili hawapotezi fahamu hata kidogo. Jibu lako kuhusu Jumamosi lilikuwa likisikika lakini halikai, na mtu aliyelisikia swali lile mara ya pili angejua kwamba mtoto huyu hakupaswa kurudi uwanjani.

Naandika haya nikiwa na deni. Nilifanya kazi miaka mingi nikiwa afisa wa kliniki katika chumba cha dharura, na maneno "hana kitu" nimeyatamka mwenyewe kwa akina mama wengi nikiwa nimeinua filamu kwenye mwanga. Namkumbuka msichana mmoja aliyeanguka kwenye ngazi za fleti, ambaye nilimrudisha nyumbani kwa maneno hayo, na mwezi mmoja baadaye mama yake akarudi naye kuniuliza kwa nini mtoto aliyekuwa akisoma vizuri sasa anasinzia darasani na kulia kila anapokaripiwa. Sikuwa nimempa mama yule hata mstari mmoja wa maelezo. Nilikuwa nimejibu swali langu mwenyewe, kama kuna damu ndani ya fuvu, nikadhani nimejibu la kwake.

Picha ya CT huonyesha ufa katika mfupa, damu iliyovuja na uvimbe mkubwa, yaani mambo yanayoweza kumpeleka mtoto kwenye upasuaji usiku huohuo. Katika mtikisiko wa ubongo picha kwa kawaida huwa safi, kwa sababu kilichoharibika ni utendaji wa chembe za ubongo na si umbo lake. Ubongo unapotikiswa, nyuzi zake nyembamba huvutika, chumvichumvi zinazopaswa kukaa ndani ya chembe hutoka na za nje huingia, na chembe hulazimika kutumia nguvu nyingi ili kurudisha mambo mahali pake, wakati ambapo damu inayoleta nguvu hiyo imepungua. Fikiria nyumba yako na stima ya tokeni. Nyaya ni nzima na balbu ni nzima, fundi akija hataona kasoro, lakini tokeni zilizobaki ni chache. Ukiwasha taa moja inawaka vizuri. Ukiongeza pasi, televisheni na birika la umeme, tokeni zinakwisha kabla ya usiku. Ndiyo maana kijana wako ni mzima asubuhi na jioni kichwa kinamgonga, kwa kuwa ameitumia siku nzima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuvumilia kelele za darasa. Dalili inayochelewa hadi wakati wa kazi ya ziada haionyeshi uongo; ndivyo jeraha hili linavyojidhihirisha.

Sisemi kwamba picha haina maana. Mwaka 2009 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 42,000 walioumia kichwa, wakaonyesha kwamba mtoto wa miaka 2 na zaidi ambaye hakupoteza fahamu, hatapiki, hana maumivu makali ya kichwa, akili yake iko sawa, hana dalili za kuvunjika kwa sehemu ya chini ya fuvu na hakuumia kwa kishindo kikubwa, uwezekano wake wa kuwa na jeraha la hatari ndani ya fuvu ni takriban mtoto 1 kati ya 2,000. Kwa hiyo si kila mtoto anayehitaji mashine, ambayo pia humpa mionzi asiyoihitaji. Mwanao alikuwa ametapika na alikuwa amechanganyikiwa, basi aliyeamua kumpiga picha hakukosea. Kosa lilikuwa kuichukulia picha safi kuwa mwisho wa uchunguzi. Mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unawaambia wahudumu wasitegemee picha kugundua mtikisiko wa watoto, bali watumie orodha za dalili zilizothibitishwa, na mzazi asiruhusiwe kuondoka bila maelezo ya nini cha kutarajia na lini arudi.

Kabla sijaendelea, mama, sikiliza jambo hili moja kwa makini. Mtoto huyu akianza kutapika tena na tena, au kichwa kikizidi kuuma saa baada ya saa, au akishikwa na degedege, au ukishindwa kumwamsha kama kawaida, au mkono au mguu ukilegea, au maneno yake yakawa ya kukokotwa, au mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, au maji meupe au damu ikitoka puani au masikioni, usingoje asubuhi wala usitafute ushauri wa jirani. Mpeleke chumba cha dharura cha hospitali yenye daktari usiku huohuo. Baada ya majuma matatu na picha safi jambo hilo halitarajiwi, lakini nalisema kwa ajili yako na kwa ajili ya mama mwingine ambaye mwanawe ameanguka leo.

Sasa, jeraha hili hugunduliwaje? Kwa maswali na macho. Kliniki ya kwanza ilisikia kichwa, kutapika na unyonge, ikaandika malaria na taifodi, kama inavyofanyika kila siku katika mitaa yetu. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na maambukizi ya malaria hapa ni machache, kwa hiyo mtoto ambaye hajasafiri kwenda maeneo ya ziwa au pwani hapaswi kupewa dawa ya malaria bila kipimo cha damu, na taifodi nayo haitambuliwi kwa kukisia. Natamani kila mhudumu anayepokea mtoto wa umri wa shule mwenye kichwa kinachouma angeuliza jambo moja kabla ya kufikia daftari la dawa: "Juma hili umeanguka, au umegongwa kichwa?" Swali hilo halina gharama, na katika kliniki ile lingewaelekeza kwenye jeraha lenyewe.

Ukirudi naye, uchunguzi kamili haupungui robo saa, nao hauhitaji mashine. Mhudumu humwuliza mtoto peke yake na mzazi peke yake, kwa kuwa majibu yao mara nyingi hutofautiana: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga, kelele, usingizi, hasira, huzuni, kusahau, kila kimoja kwa kiwango chake. Kisha humpa maneno matano, tuseme sufuria, mti, kiatu, mvua, ndizi, akamwomba ayarudie sasa na ayarudie tena baadaye. Humwambia ataje siku za juma kinyumenyume kuanzia Jumapili. Humsimamisha kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, mikono kiunoni, macho yamefumbwa, kwa sekunde 20, na kuhesabu ni mara ngapi anayumba. Humwomba afuate kidole kwa macho bila kugeuza shingo, na huipapasa shingo yenyewe, maana aliyeanguka chali mara nyingi ameumia shingo pia, na shingo iliyoumia huleta maumivu ya kichwa yanayotibika kwa mazoezi ya viungo. Waambie wamwangalie shingo, mama. Hilo husahauliwa sana, nami nililisahau mara nyingi.

Kuhusu nyanya yake, nakuomba umpe heshima yake yote. Kumweka mtoto gizani hakukutoka kwa waganga. Sisi wahudumu tuliwaagiza wazazi hivyo kwa miaka mingi, na nyanya ameshika kile tulichowafundisha. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 uliwagawa vijana walioumia katika makundi mawili, kundi moja likapumzika kabisa siku 5 na jingine siku 1 hadi 2, na waliopumzika siku 5 wakaripoti dalili nyingi zaidi. Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walikubaliana kwamba saa 24 hadi 48 za kwanza ni za kupumzika kwa kiasi, mtoto akiendelea na shughuli ndogondogo za nyumbani na kupunguza simu na televisheni, kisha aanze kutembea na kurudi katika maisha yake taratibu. Kulala nako hakukatazwi. Mtoto aliyechunguzwa na akaonekana hana dalili za hatari aachwe alale, kwa kuwa usingizi ni dawa ya ubongo, na mzazi amwamshe mara moja au mbili usiku wa kwanza ikiwa ameshauriwa hivyo.

Hivyo basi swali lako la pili nalijibu wazi: aende shule, lakini asiende kama alivyokuwa akienda. Hapa ndipo matunzo yenyewe yalipo, na hapa ndipo watoto wetu wengi hukosa msaada, kwa sababu hospitali humwachia mzazi na mzazi humwachia mwalimu mwenye watoto 60 darasani ambaye hajaambiwa lolote. Mwalimu wake hana ubaya; ameona mtoto asiyemaliza kazi, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Mwombe mhudumu atakayemwona akuandikie barua ya ukurasa mmoja. Akisita kwa kuwa hajawahi kuandika ya namna hiyo, mpe maneno haya ayatumie anavyoona vyema:

"Mwanafunzi huyu anapona mtikisiko wa ubongo alioupata uwanjani. Kwa majuma mawili yajayo naomba ahudhurie masomo hadi saa sita za mchana, muda uongezwe kadiri anavyopata nafuu. Aketi mbele, mbali na dirisha lenye jua. Apewe dakika 10 za kupumzika mahali patulivu kila baada ya kipindi kimoja au viwili, na kila kichwa kinapoanza kuuma. Apewe nakala ya maelezo badala ya kunakili ubao mzima. Kazi ya ziada ipunguzwe kwa nusu. Asifanye mtihani wa kupewa alama. Na asishiriki mchezo wowote wenye hatari ya kugongwa hadi nitakapoandika tena. Nitamwona baada ya siku 14."

Peleka nakala moja kwa mwalimu wa darasa, moja kwa mwalimu mkuu na moja kwa mwalimu wa michezo, kisha uketi na mwalimu wa darasa dakika chache umweleze habari ya tokeni. Ikiwa anapenda, mwombe akuandikie kila Ijumaa mistari miwili tu: alimaliza vipindi vingapi, na kichwa kilianza kuuma saa ngapi. Mistari hiyo itamfaa daktari kuliko picha nyingine yoyote.

Kanuni ya kupima shughuli ni rahisi na kijana wa miaka 10 anaielewa. Kabla ya kuanza jambo, mwulize kichwa kinauma kiasi gani kati ya 0 na 10. Kikipanda kwa pointi zisizozidi 2 na kikashuka ndani ya saa moja, shughuli ile ilikuwa ya kiasi chake. Kikipanda kupita hapo, au kikibaki juu, kesho apunguze kidogo bila kuacha kabisa. Na kwa safari, kama inawezekana, mpande matatu isiyo na muziki mkubwa hata ikibidi kungoja ya pili, au ashuke kituo kimoja mapema na kutembea, maana kutembea kwenyewe ni tiba. Utafiti wa mwaka 2019 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18 ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi mepesi yasiyozidi uwezo wao walipona kwa siku 13, na wenzao waliopewa mazoezi ya kunyoosha viungo tu walipona kwa siku 17.

Ndiyo sababu ningependa baba yake ahusike. Usimwite kwa ugomvi kuhusu neno alilolisema. Wanaume wengi huogopa mtoto wao anapolia bila sababu wanayoiona, na hofu hiyo hutoka kama ukali. Mwombe achukue jukumu moja: kila jioni kabla ya jua kuchwa atembee na kijana dakika 15, mwendo wa kuweza kuzungumza, akimwuliza zile namba za 0 hadi 10 na kuziandika. Atayaona mwenyewe mapanda-shuka hayo, na akishayaona hatahitaji kuambiwa na mimi. Machozi na hasira za kijana, mama, ni sehemu ya jeraha kama kizunguzungu kilivyo.

Dawa za maumivu naomba uzishike vizuri. Parasetamoli hupimwa kwa uzito, miligramu 15 kwa kila kilo kila anapomeza, na si zaidi ya mara 4 katika saa 24. Aspirini asipewe mtoto. Zaidi ya hayo, mtu anayemeza vidonge karibu kila siku kwa majuma mengi huweza kufika mahali ambapo dawa yenyewe inazaa maumivu. Anza kupunguza, uviweke kwa siku 2 au 3 za juma zilizo ngumu zaidi, na umwambie mhudumu idadi kamili aliyokwisha kumeza. Alale na kuamka saa zilezile kila siku, anywe maji ya kutosha na asiruke kiamshakinywa.

Usikope kwa ajili ya MRI. Katika mtikisiko wa kawaida nayo hutoka safi kama CT, nawe utabaki na mkopo wa pili na sentensi ileile. Fedha kidogo uliyo nayo iweke kwa nauli za kurudi kliniki na kwa mtaalamu wa viungo iwapo shingo ndiyo inayomsumbua. Watoto walio wengi hupona ndani ya majuma 4. Katika utafiti wa hospitali 9 za Kanada uliochapishwa mwaka 2016, watoto zaidi ya 3,000 walifuatiliwa, na karibu asilimia 30 walikuwa bado na dalili baada ya mwezi mmoja, hasa wenye umri mkubwa kidogo, wasichana, waliowahi kuumia kichwa wakachelewa kupona, wenye historia ya kipandauso, na waliofika hospitalini wakijibu maswali polepole au wakisumbuliwa na kelele. Kwa hiyo mtaje kipandauso kama kipo katika ukoo, na utaje mara zote alizowahi kugonga kichwa. Juma la nne likiisha bila nafuu, usiambiwe tena ungoje. Omba barua ya rufaa kwa daktari wa watoto, ili macho, mizani ya mwili, shingo, usingizi na hisia zake viangaliwe kila kimoja kwa zamu yake.

Limebaki suala la mpira, na jibu langu ni hapana. Asicheze mashindano hayo. Mwaka 2006 katika jimbo la Washington, Marekani, mvulana wa miaka 13 aitwaye Zackery Lystedt aligonga kichwa katika mchezo, akapumzika kidogo, akarudishwa uwanjani na kuzimia mchezo ulipomalizika kwa sababu ubongo wake ulikuwa ukivuja damu. Aliokolewa, lakini akabaki na ulemavu mkubwa. Mwaka 2009 jimbo lake lilipitisha sheria inayosema mchezaji kijana anayeshukiwa kuumia ubongo atolewe na asirudi hadi mtaalamu wa afya aandike ruhusa, na kufikia mwaka 2014 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Ubongo ambao haujapona huumia vibaya zaidi ukigongwa mara ya pili. Kijana wako alirudishwa uwanjani Ijumaa ile, mama, na ninaposoma sentensi ile ya barua yako bado moyo unanishtuka.

Mweleze mwalimu wa michezo haya kwa upole na kwa uthabiti. Utaratibu unaofuatwa ni kwamba masomo hutangulia: mtoto amalize siku nzima ya shule bila msaada wala dalili, ndipo aanze hatua za kurudi uwanjani, kutoka matembezi yale ya jioni ambayo ameshayaanza hadi kukimbia polepole, hadi mazoezi ya mpira bila mwenzake, hadi mazoezi magumu zaidi yasiyo na kugusana, kisha, akiisha kuruhusiwa na mhudumu wa afya, mazoezi kamili, na mwisho mashindano. Kila hatua huchukua angalau siku nzima, na dalili ikirudi anashuka hatua moja. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 unazuia mashindano kabla ya siku 21 hata kwa aliyepona haraka, na unataka awe amekaa siku 14 bila dalili kabla ya mazoezi yenye hatari ya kugongwa kichwa. Kwa kijana wako ambaye dalili bado zipo, hesabu hiyo haijaanza. Umwonyeshe mwalimu pia kwamba kipo kikaratasi kiitwacho CRT6, kinachopatikana bure, ambacho kimeandikwa kwa watu wasio wahudumu wa afya ili watambue dalili pembeni mwa uwanja. Kikibandikwa katika chumba cha walimu, mtoto mwingine akianguka atakaa nje, na mama yake atapigiwa simu.

Mwisho, sikuona katika barua yako mahali ambapo mtu yeyote amemweleza kijana mwenyewe ana ugonjwa gani. Amesikia malaria, taifodi, hana kitu, mvivu, anajidekeza. Leo jioni, kabla ya kazi ya ziada, kaa naye umwambie kwamba alipoanguka ubongo wake uliumia ndani mahali ambapo picha haifiki, kwamba ndiyo sababu maneno ya kitabu yanamtoroka na kelele zinamchoma, kwamba wewe na baba yake mmejua sasa, na kwamba mtakwenda pamoja Jumatatu kupeleka barua kwa mwalimu.